Boon kwa Tamar Rigg

Tamar Rigg alipoangushwa na pikipiki yake ya magurudumu manne akavunjika mtulinga, kondoo wake walikuwa bado mlimani na sufu yao nzima. Ilikuwa katikati ya Julai, kilele cha kiangazi chetu. Joto lilishaleta inzi, na kondoo asiyenyolewa mapema huliwa na funza angali hai.

Tamar alitoka mjini Leeds miaka miwili nyuma, akakodi shamba la Hollin peke yake, na bondeni kwetu hakuna aliyewahi kumsikia akiomba hata kamba. Kwa hiyo shemeji yangu, Joss Birkett, alipomkuta dukani mkono umefungwa shingoni na kumwambia, "Jumamosi ni boon kwako, dada. Chemsha chai," Tamar aliwaka mbele za watu.

"Sitaki fadhila ya mtu, Joss."

Joss alikuja kwangu amenuna. "Nell, nenda wewe. Yule mama ana ulimi kama mkasi."

Nilimkuta jikoni akihangaika na kopo la maharage, amelibana mapajani. Nilinyoosha mkono kumsaidia.

"Liache kopo langu," akasema. "Kule kwetu mjini boon ni neema. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi kirefu, hiyo ndiyo boon. Unashushiwa kutoka juu, unapiga magoti kushukuru. Mimi sipigi magoti."

"Nani kakwambia upige? Huku boon ni kazi. Mwenzenu amekwama, mnakwenda na mbwa wenu na mashine zenu za kunyolea, mnamaliza, mnakula kwake, mnaondoka. Leo kwako, kesho kwangu. Mwaka jana nilipolazwa hospitali, kondoo wangu wanazaa, nani alishinda zizini kwangu?"

"Ule ulikuwa ujirani tu."

"Basi ndiyo boon yenyewe, mwenzangu! Umeshaifanya, jina tu hukulijua. Na ukitufungia lango wewe, siku nyingine sisi tutakuitaje?"

Alilibana kopo tena. Kopo likafunguka.

"Jumamosi," akasema. "Lakini sikalishwi kwenye kiti kama bibi harusi."

Na kweli hakukaa. Asubuhi ile tulikuja kutoka mashamba yote ya bonde, mbwa wakapanda mlima, kondoo wakateremka wakimiminika kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Tamar akasimama kwenye lango la kutenganishia, lile dogo linalofunguka pande mbili, akalishika kwa mkono wake mzima. Kondoo mkubwa kulia, mwanakondoo kushoto. Hakukosea hata mara moja.

"We Joss!" akapaza sauti. "Huyu kondoo jike wako amefuata nini kwangu?"

"Amekuja kwenye boon, kama mwenyewe!"

"Mwambie ashike mashine, basi. Asije kula tu kama bwana wake."

Watu wakacheka, Joss akicheka kuwapita wote, jasho likimtiririka hadi puani.

Baada ya adhuhuri wingu likaanza kushuka upande wa magharibi. Sufu ikilowa hainyoleki, kazi imeharibika. Tukatazamana, Joss akataka tunyoe haraka haraka hapo hapo nje. Tamar hakungoja mjadala.

"Waliobaki wote ghalani! Nell, fungua mlango mkubwa. Joss, hamisha mashine. Sasa hivi!"

Hakuna aliyeuliza. Kondoo wa mwisho alikuwa ameingiza mkia tu matone yalipoanza kugonga bati. Tukanyoa ndani, tumebanana, tukinuka mafuta ya sufu, na hata mmoja hakulowa.

Chakula kilikuwa nyama ya kondoo na viazi vya oveni, chini vimeungua. Joss alijaza sahani mara mbili, akalalamika zote mbili.

"Jumanne ni kwa nani?" Tamar akauliza.

"Kwangu," nikajibu.

"Lango ni langu. Asiliguse mtu."

Mvua ilipopita tukawaachia kondoo. Wanakondoo walikimbia kuwatafuta mama zao wakakuta majike walionyolewa, wembamba weupe, wasiowajua, wakawapita wakilia, wakarudi, wakanusa, wakapita tena. Kelele zilijaa bonde zima. Tamar aliegemea ukuta wa mawe, bega likimuuma waziwazi, akiwatazama mmoja mmoja wakitambuana na kuanza kunyonya.