Kiwanja Nyuma ya Plasta

Fundi hakuweza tena kukigusa kiwanja chake. Hakikuibiwa wala hakikuuzwa mara mbili. Kilikuwa palepale, kwenye mji wa ndani ya kompyuta ambako watu hununua ardhi na kufanya biashara bila kukanyaga udongo. Ila funguo zake zilikuwa nyuma ya plasta, na plasta aliipiga mwenyewe.

Aliyemtia maneno ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtengeneza simu.

"Shemeji, umejengea watu nyumba miaka ishirini na bado unapanga chumba. Huku nje viwanja vimekushinda. Hiki cha humu utawakodishia watu wa matangazo, ukae ule."

"Nitakipima na nini?"

"Kwa macho. Tafadhali usije na kamba."

Mkewe aliuliza swali moja tu: "Kina maji?"

Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Mke hakucheka. Akatoa akiba ya miaka minne, waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya kiwanja cha udongo.

Kununua kulichukua wiki tatu. Mji ule haukutaka pesa za kawaida. Zilibadilishwa kuwa sarafu za humo, na kila kubadilisha kulikuwa na makato. Viwanja vya barabarani vilishachukuliwa na waliotangulia, wageni wakabakiziwa pembeni kabisa. Halafu simu ikataka alama ya kidole. Fundi akabandika gumba, akabandika cha shahada, akamaliza vyote kumi. Simu haikutambua hata kimoja; saruji ilishavilamba alama.

"Wewe ukiiba hukamatwi," shemeji akasema.

Basi wakapewa njia nyingine: maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio wake. Mwenye maneno ndiye mwenye kiwanja.

"Yaandike mahali pasipopotea. Si kwenye simu."

Fundi hana daftari. Upana wa mlango, idadi ya mifuko, siku ya malipo, vyote huviandika ukutani kwa penseli anayoichomeka sikioni. Mchana ule alikuwa kazini, nyumbani kwa mama mmoja, daktari wa meno, sebule ikiwa bado tofali tupu. Akanakili herufi kwa herufi kushoto kwa dirisha, maana hakuelewa hata neno moja. Ukuta haupotei.

Jumanne daktari alitaka sebule iishe. Fundi akaanzia mlangoni, akapiga plasta mpaka dirishani, akapita juu ya vipimo vyake kama anavyopita siku zote. Mkono haukusita. Simu bado ilikuwa inafungua kiwanja, hakuna kilichomkumbusha.

Miezi miwili baadaye simu ilidumbukia kwenye pipa la maji ya zege. Simu mpya ikadai maneno.

Alirudi kwa daktari. Mama yule alimsikiliza akiwa ameshika kikombe.

"Unatafuta nini ukutani kwangu?"

"Maneno."

"Ya nani?"

"Yangu, mama."

"Haya, vunja. Ila urudishe kama ulivyokuta, na rangi ileile."

Akagonga polepole, patasi ikiwa imelala. Plasta ilibanduka vipande vipande, na maandishi ya penseli yakatoka nayo. Alisoma maneno matano mazima na mawili nusu. Palipobaki palikuwa na tofali tu. Akampigia shemeji, akamsomea, naye akajibu:

"Matano hayafungui, shemeji."

"Ofisi yao iko wapi?"

"Hawana ofisi."

"Hakuna mtu wa kumwangukia miguuni?"

"Hakuna mtu."

Fundi akasema sawa, akaenda kuchanganya saruji.

Jumapili, dukani kwa shemeji, alionyeshwa kiwanja kwenye simu ya duka. Kilikuwa mraba wa kijani, na jina lake kwenye kibao. Mtu yeyote angeweza kupita hapo na kutazama. Yeye pia alitazama, kisha akarudisha simu.

Gharama yake ni hii. Akiba ya miaka minne, yote. Simu moja. Mifuko miwili ya saruji na ndoo ya rangi. Siku nne bila ujira. Mke wake hajagomba. Ameanza kuweka akiba upya, kwa jina lake peke yake.