Babu Akagua Bunduki za Mjerumani

Jumatatu saa tatu asubuhi, mkaguzi wa silaha katika kampuni ya gemu za vita alikuwa akihesabu skrubu za bunduki ya Kijerumani kwenye kompyuta yake, babu wa baba yake alipoingia na sanduku la risasi kichwani. Mzee huyo alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia moja nyuma, vitani, akiwabebea Wajerumani mizigo, na hakuna aliyejua alizikwa wapi. Mkaguzi alimwamkia, akamwambia atue mzigo karibu na printa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona bunduki hii haitoi moshi?"

Kweli, haikutoa. Wachoraji walikuwa wameipa risasi tano na kuinyima moshi. Mzee akawaeleza: ile ya zamani waliyopewa askari weusi ilimeza risasi moja moja, na kila ikilia ilitoa wingu jeupe ambalo adui aliliona kutoka ng'ambo ya bonde. Hata uzito wake aliujua, maana wenyewe walipochoka alibebeshwa yeye.

Wiki nzima ofisi ilicheka. Mzee alikuwa na maneno. Alimwita mchoraji mkuu fundi wa bunduki za harusini, mpaka moshi ulipokaa sawa. Bosi, ambaye hucheka kwa nadra, alimvutia kiti kwa mkono wake.

Ijumaa mkaguzi akajipa moyo. Ukoo wao haukuwa na kaburi la mzee wala picha yake.

"Bosi, babu naye tumweke kwenye gemu. Mpagazi mmoja tu, apite kule nyuma na sanduku lake."

"Ningependa sana," bosi akasema, na hakuwa akidanganya. "Ila wapagazi hawafyatui. Mchezaji atawafanyia nini?"

Gemu ikatoka, ikasifiwa kwa ukweli wake hadi skrubu ya mwisho. Mkaguzi akamkalisha babu yake mbele ya kompyuta, roho ikimuuma. Mzee akafyatua, akakohoa kwa raha moshi ulipomfikia. Risasi zikamwishia. Papo hapo sanduku jipya la risasi likatokea miguuni pa askari wake wa kwenye gemu, katikati ya pori, mwendo wa siku arobaini kutoka bandarini.

Mzee akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Tangu afike, hiki ndicho kitu cha kwanza kilichomshangaza.

"Hili kalileta nani?"

"Hakuna mtu, babu. Linakuja lenyewe."

Akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

"Kumbe ilikuwa inawezekana!"