Nipe Mji, Mpira Upinde

Kiduara kinazunguka. Kipo pale katikati ya runinga, kinazunguka na kuzunguka, na chini yake maandishi yanasema subiri kidogo, na mimi nasubiri, kwa sababu tangu nijiingize kwenye gemu hili la kriketi kazi yangu kubwa imekuwa kusubiri na kuchekwa. Ni Jumapili mchana, nimeshiba wali wa nazi, niko kwenye kochi langu Muheza, pedi ya kuchezea gemu mkononi, hedifoni masikioni, na huko Iringa, kwa baba yake, binti yangu Semeni ameshika pedi yake naye anasubiri. Mama, upo? Nipo. Usilale. Nani analala? Semeni anacheza kriketi ya kweli shuleni kwao, anasimama na ubao wake mbele ya vijiti vitatu na kuupiga kila mpira unaokuja, na ukitaka kumtoa inabidi mpira umpite uviangushe vile vijiti. Ameniwekea sharti. Nikiviangusha vijiti vyake kwenye gemu, hata mara moja, kwa mpira unaopinda hewani, siyo wa kunyooka wala wa kubahatisha, atakuja Muheza likizo ya Desemba. Nisipoweza atabaki Iringa kama mwaka jana na mwaka juzi. Kisa na mkasa? Eti kwangu hapakaliki, mama hakubali kushindwa na mtu, hata vitendawili vya mtoto mdogo alikuwa hatoi mji. Ni kweli, sijawahi kutoa mji. Nitoe mji wa nini wakati jibu ninalo? Kiduara kinazunguka, kinakua, nasogeza kichwa nikione vizuri, na kabla sijajua nimeshaingia kiwiliwili kizima na kochi limebaki nyuma.

Nasimama kwenye barabara ya udongo ulioshindiliwa, rangi ya kahawia, kama ule ukanda wa katikati ya uwanja wa kriketi, ila ule una mwisho na huu hauna. Kule mbele naona vijiti vitatu, nakwenda, navyo vinakwenda, nasimama, navyo vinasimama, yaani hata vijiti vinanifanyia kusudi. Pembeni kasimama mwamuzi, koti jeupe hadi magotini, kofia pana, na chini ya kofia hamna kitu, hamna pua wala macho, pamepigwa pasi. Shikamoo, namwambia, maana umri wa mtu asiye na uso huwezi kuujua na heri kukosea kwa adabu. Marahaba, anajibu, sijui kwa mdomo upi. Samahani, mpira unapindishwaje? Kitendawili, anasema. Mimi nimeuliza swali. Kitendawili. Haya, tega. Mwanangu shavu moja kapakwa mafuta, la pili limepauka. Mwezi, nasema. Siyo. Chungwa lililooza upande. Siyo. Mtoto wa jirani yangu, yule kila siku huogeshwa nusu. Siyo, nipe mji. Sitoi. Basi tutasimama hapa, anasema, na anasimama kweli, na jua halisogei, na miguu inaanza kuniuma, hadi nasonya na kusema, nenda Singida. Papo hapo Singida inachomoza kando ya barabara, mji mzima, ila umegeuzwa kama unaonekana kwenye kioo, maandishi ya maduka yanasomeka kinyumenyume na watu wanapungiana mkono wa shoto. Mwamuzi anaingia, anazunguka huko, anarudi akijifuta vidole. Nimekwenda Singida, anasema, nimechinjiwa kuku wa kienyeji, nimetandikiwa nikalala, asubuhi nimesindikizwa hadi njiani. Jibu ni mpira. Na mpira huo uko mkononi mwangu, mwekundu, mshono umeuzunguka tumboni, shavu moja linang'aa, jingine limechakaa. Singida inazimika. Kuku wote wale kwa neno moja.

Sasa vijiti vimesimama karibu, na mbele yake mpigaji kavaa kofia ya chuma, hana uso naye, na ubao wake anaugonga chini polepole kwa dharau ninayoifahamu. Najua cha kufanya, nimekikariri kama sala. Kushoto ni nje, kulia ni ndani. Mpira wa nje unapinda ukimkimbia mpigaji, wa ndani unapinda ukimwingia miguuni. Halafu kuna kile kipimo chembamba kinachojaa kikielekea kwenye nyekundu, unabonyeza, unaachia kidole, mpira unakwenda. Mimi huachia mwisho kabisa, kwenye nyekundu, kwa sababu kama kitu unakitupa, kitupe. Semeni kila mara, mama, achia mapema, mbona una haraka na hasira? Sina hasira, namwambia, kwa sauti ambayo hata mimi naisikia. Narusha nje. Mpira unakwenda ndani, anaucharaza, unapotelea juu ya mabati ya mji usio na jina. Narusha nje tena. Ndani. Wewe mpira, nje ni huku! Kitendawili, anasema mwamuzi. Tega upesi basi. Tumesimama kwenye mlango mmoja, nikisema nje, yeye anasema ndani. Walevi, nasema. Siyo. Mume na mke. Siyo, ingawa nao pia, nipe mji. Nampa Tabora, anakwenda, anarudi na asali kidevuni pasipo kidevu. Jibu ni mpigaji wa mkono wa shoto, anasema, nje haipimwi kwa anayerusha, inapimwa kwa anayepiga. Naganda pale na mpira wangu. Semeni ni wa shoto. Kijiko anashika kwa shoto, kalamu kwa shoto, ubao kwa shoto, nimemzaa mimi mwenyewe, na muda wote huu nimekuwa nikimrushia nje yangu nikidhani ndiyo nje yake. Najisonya mwenyewe hadi mwamuzi anageuka kutazama, kama kutazama anaweza.

Nageuza, narusha kulia, na mpira unanyooka kama rula. Nyekundu. Narusha tena, nyekundu, kidole hakinisikii, unanyooka. Kitendawili. Na kingine. Nimempa Dodoma, nimempa Mbeya na baridi yake, nimempa Bukoba akarudi anatafuna senene, na majibu yote yalikuwa ya kijinga, ya kuudhi, ya aina ile unayotaka kumrudishia mtu na umdai mji wako. Barabara inajikunja na kunirudisha pale pale. Kitendawili cha mwisho, anasema. Tega, nasema, nimechoka nawe. Ukimlazimisha ananyooka, ukimwachia anapinda kuja. Semeni, nasema bila hata kufikiri. Siyo, ila umekaribia, nipe mji. Sina tena. Unao mmoja. Na kweli ninao, umeshachomoza kando ya barabara bila kuitwa, kibao chake kimeandikwa AZEHUM, machungwa yamepangwa mafungu mafungu, na nyumba yangu ile pale, mlango umehamia upande usio wake. Dirishani naona kitanda cha Semeni, shuka nimelitandika mwenyewe, nalibadilisha kila mwezi ingawa hakuna anayelilalia. Muheza sitoi, nasema, huko ni kwangu, umekula nchi nzima, kwangu huingii. Mwamuzi anakwenda hadi kwenye kibao na kusimama hapo, mikono nyuma, kama mgeni ambaye hodi yake haijaitikiwa. Mji usiotolewa hauendeki, mama, anasema. Usiniite mama, nasema, na kwa hasira nabonyeza, kipimo kinapanda, lakini kidole kimechoka na miji yote ile, kinateleza chenyewe, kinaachia mapema, kabla ya nyekundu. Mpira unatoka taratibu, karibu niuonee aibu, unakwenda kama unakosa njia, halafu katikati ya hewa unabadili mawazo, unapinda, unapinda kulia, nje, nje yake yeye, ubao unaiparamia hewa tupu na

Mama! Mama, upo? Niko kwenye kochi. Shingo inauma, pedi iko tumboni, mate yamenitoka upande mmoja. Kwenye runinga vijiti vya Semeni vimelala chini. Nimekutoa! napiga kelele. Nimekutoa, umepinda, nimeuona kwa macho yangu! Mimi sijauona, anasema Semeni masikioni mwangu, picha iliganda, mtandao ulikata, nimerudi nimekuta vijiti chini, huenda ulinyooka. Ulipinda! Ulikuwa unakoroma, mama, nimekusikia. Mtu anayekoroma anarushaje mpira? Ndiyo maana nakuuliza. Nakaa sawa, nakusanya hoja zangu, ninazo za kutosha, naanza na ile ya mkono wa shoto, na kule Iringa namsikia anavuta pumzi ndefu, ya mtu anayejua jioni yake imekwisha. Hoja inanifia mdomoni. Halafu, polepole, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa ameng'oka meno ya mbele, anasema, kitendawili. Nywele zinanisimama. Tega. Mwanangu shavu moja kapakwa mafuta, la pili limepauka.

Jibu ninalo. Liko kwenye ncha ya ulimi, limekaa, linasubiri, nimelilipia Singida nzima. Nabana midomo. Nimeshindwa, nasema. Nini? Nimeshindwa, Semeni. Nagonga hedifoni kwa kidole, sijui kama mtandao umekata au ni yeye. Basi nipe mji, anasema, kwa woga kidogo, kama mtu anayejaribu mlango aliouzoea umefungwa. Nakupa Muheza. Nageuka nitazame dirishani, nisome kibao cha duka la jirani kama maandishi yanakwenda mbele au kinyume, nijue niko upande upi, halafu naona sitaki, naligeuzia dirisha mgongo. Nimekwenda Muheza, anasema mwanangu, nimekuta machungwa, nimekuta kitanda kimetandikwa, nimekuta mama kalala kwenye kochi na pedi mkononi. Endelea, namwambia, ukakaa hadi lini?