Harusi ya Dirishani

Jumapili hiyo ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1935, Onorina alikwenda kanisani Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be huko Madagaska, kumwombea Polikarpi, akarudi nyumbani akitaka kumnyonga.

Mambo yalikwenda hivi. Mompera, maana ndivyo watu wa Nosy Be wanavyomwita padri, alimaliza mahubiri, akavaa miwani, akatoa barua. Ilitoka hospitali ya Mahajanga, kwa Polikarpi, fundi wa mtambo wa kukamulia mafuta ya mlangilangi, aliyekuwa amelazwa huko wiki ya tatu sasa kwa saratani ya mdomo. Kidonda kilikuwa kimeanza kama kijipu kwenye mdomo wa chini, pale anapobana kiko chake, kikakataa dawa zote za Hell-Ville. Sasa madaktari walitaka kumtia sindano zenye radiamu, madini ambayo miale yake huua uvimbe, na Polikarpi aliwaomba waumini wote wamkumbuke katika sala. "Na mimi kwa upande wangu," Mompera akasoma, sauti ikimpanda kwa furaha, "nimeweka nadhiri mbele ya Bikira Maria. Nikipona, nitafunga ndoa ya kanisani na Onorina."

Kanisa zima likageuka kumtazama. Bibi mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakampokea. Mompera alitabasamu hadi masikioni, na alikuwa na haki, kwani kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimsihi Polikarpi amwoe mwanamke anayeishi naye. Mara mbili alikwisha kuitangaza ndoa hiyo, na mara mbili iliishia hewani. Mara ya kwanza Polikarpi alisema hana viatu. Mara ya pili viatu vilikuwepo, ila vilimbana.

Onorina alisimama katikati ya vigelegele akitabasamu kwa meno tu. Neno moja ndilo lililobaki masikioni mwake: nikipona. Na asipopona je? Majirani zake Wasakalava huwaahidi mizimu yao ng'ombe. Mambo yakinyooka ng'ombe huchinjwa, yasiponyooka huendelea kula majani yake. Onorina aliona wazi kwamba Polikarpi amemfanya yeye ndiye ng'ombe, tena amemtangaza mbele ya parokia nzima, na wanawake wote wanampa hongera.

Jumanne akapanda meli ya kwenda Mahajanga.

Njiani alisali rozari kwa hasira, akizivuta shanga mpaka uzi ukawa unalia. Si kwamba alikuwa na shaka na Mungu. Tangu Polikarpi aondoke, kila alfajiri alimwambia Mungu maneno yaleyale: yuko mikononi mwako, mimi nimeshindwa kumbeba. Kisha alikunywa kahawa, akakaa kwenye kushona kwake, na mishono yake ikatoka imenyooka. Alikuwa na hofu, tena hofu kubwa, lakini hofu hiyo ilikuwa na mahali pa kuegemea. Kilichomchoma ni mtu kusimama mbele ya Mungu huyohuyo na kupatana naye bei kama anayenunua samaki.

Alifikia mtaa wa Ampisikina, kwa Rahamatou, Mngazija mwenye umbo la haja na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Walikuwa majirani Nosy Be mpaka mume wake, Assoumani, alipopata kazi bandarini Mahajanga. Rahamatou alikuwa Mwislamu wa kuswali tano, na nje ya swala zake hakuna alichokipenda duniani kuliko harusi. Alimsikiliza Onorina mpaka mwisho, akaunda uso wa huruma, kisha ukamshinda, akaangua kicheko.

"Nenda ukampe vidonge vyake, shoga yangu," alisema. "Halafu uje unisimulie, usiache kitu."

Hospitalini Onorina alipokewa na Masera, mtawa muuguzi, aliyemwonyesha mstari wa chaki kwenye sakafu ya baraza. Mstari ulikuwa hatua nne kutoka dirishani, na kitanda cha Polikarpi kilikuwa ndani, kimeegemea dirisha hilohilo. Sindano zilikuwa zimetiwa asubuhi ya siku ile, na zingekaa siku saba. Miale yake haichagui, Masera alieleza, inamchoma mgonjwa na mgeni vilevile, kwa hiyo hakuna kuuvuka mstari. Na mgonjwa haruhusiwi kusema, kutafuna, kutikisa kichwa wala kucheka.

"Kucheka?" Onorina aliuliza. "Leo hatakuwa na shida hiyo."

Polikarpi alikuwa ameketi, mito mgongoni, taya limefungwa kitambaa hadi utosini, na ncha za nyuzi za zile sindano zimetokeza mdomoni kama sharubu za kamba. Alipomwona Onorina macho yalimtoka pima. Akatia mkono chini ya mto, akatoa kibao cha watoto wa shule na kipande cha chaki, akaandika, akakigeuzia nje. Kiliandikwa: Umekula?

"Sijala, na usinizungushe," Onorina alisema. "Nimekuja na swali moja. Usipopona, mimi ni nani?"

Kwa miaka kumi na tisa Polikarpi alikuwa bingwa wa kumjibu kabla hajamaliza kuuliza. Leo hakuwa na pa kutokea, na Onorina alimimina yote. Amemwahidi Mungu kumwoa kama mtu anayeahidi kumeza shubiri. Amemtangaza kanisani kama tangazo la mnada. Na Mungu akikataa, ina maana yeye si mke, si mjane, ni jirani tu aliyekuwa akimfulia mashati. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza ili asikie vizuri. Onorina alipotua pumzi, Polikarpi alikuwa anaandika, anafuta kwa kiganja, anaandika tena.

Onorina alisoma polepole, midomo ikimchezacheza. Baba yangu alisema altareni, mpaka kifo kitutenganishe. Kifo kilikuja mwaka uleule, kikamchukua mama. Nikaogopa kikinisikia na mimi.

"Kwa hiyo viatu vilikuwa uongo."

Polikarpi akaandika: Vilibana kweli. Akafuta. Lakini sikuwa nakukimbia, nilikuwa nakuficha. Akafuta tena, na safari hii chaki ilikwenda taratibu. Ndoa ndilo jambo ninaloliogopa kuliko yote. Ndiyo maana nikampa Mungu hilo.

Hasira ilimtoka Onorina yote kwa mpigo, akabaki hajui ashike wapi. Alitaka kuvuka mstari. Masera alikohoa, naye akajizuia, akaishika nguzo ya baraza badala ya mtu wake.

"Kifo kimeshakusikia, Polikarpi," alisema. "Kiko hapo mdomoni, na hujatamka neno la ndoa hata moja. Umejificha miaka yote hiyo bure. Mimi naamini Mungu anaweza kukuponya, namwomba usiku na mchana. Lakini sitaki kuolewa na jibu lake. Nataka kuolewa na wewe, ukiwa hujui litakalokuja, na mimi sijui."

Polikarpi alifuta kibao chote. Akaandika: Lini?

"Jumamosi," Onorina alisema. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Aliisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine, na kicheko kikaanza kumtekenya tumboni.

Kuanzia hapo mambo yakamtoka mikononi. Mompera wa Mahajanga alikuwa mtu wa taratibu, akapeleka simu ya upepo Hell-Ville kuulizia matangazo ya ndoa. Jibu lilirudi siku ya pili: YAMETANGAZWA TOSHA. MFUNGISHE KABLA HAJANUNUA VIATU VINGINE. Mompera alilisoma mara tatu, akauliza hivyo viatu vimeingiaje, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumweleza.

Rahamatou naye alipoambiwa kuna harusi baada ya siku mbili, hakukaa chini tena. Onorina alimsihi alete watu wachache, watano wakizidi, kwa sababu ni hospitali na kuna mgonjwa. Rahamatou aliapa. Alimsinga bibi harusi kwa msandali uliosagwa, akampaka usoni mpaka akang'aa kama manjano, akamvisha shali yake mwenyewe ya hariri. Onorina alijitazama kwenye kioo, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na akaona aibu, na akaona furaha, na hakujua ipi ilitangulia.

Jumamosi saa tatu asubuhi wale watano walifika wakiwa arobaini, na kinu. Wanawake wa Kingazija wakiwa na harusi hutwanga kwa zamu na kuimba, na Rahamatou hakuona kwa nini ugonjwa wa bwana harusi ubadilishe jambo hilo. Kinu kikawekwa uani chini ya baraza, michi ikaanza kupanda na kushuka, na wagonjwa waliokuwa hoi bin taabani wakaonekana madirishani. Masera alitoka mbio kuwanyamazisha. Aliporudi alikuwa na mafuta ya nywele shavuni, mahali alipobusiwa.

Daktari Mfaransa alikuja kuuliza kulikoni. Mompera alikuwa amepungukiwa shahidi mmoja. Rahamatou alikuwa wa kwanza, baada ya Mompera kujikuna kichwa na kukubali kwamba kilichotakiwa ni macho na masikio, na kwamba mama huyu anavyo kwa wingi. Wa pili akawa daktari, ambaye alikiri hajaingia kanisani tangu alipokuwa mtoto wa kuvaa kaptura. "Leo kanisa limekufuata kazini," Mompera alimwambia, akampa mwavuli amshikie kwa sababu ya jua.

Onorina alisimama kwenye mstari wa chaki. Mompera aliuliza kama Polikarpi anamkubali mwanamke huyu awe mke wake, katika raha na taabu, katika ugonjwa na afya, mpaka kifo kitakapowatenganisha. Michi ilisimama. Onorina aliona Polikarpi akikamata shuka kwa ngumi, akajua neno lile limemfikia.

Polikarpi akaanza kuitikia kwa kichwa.

"Asitikise kichwa," Masera alipiga kelele.

Kichwa kikaganda katikati. Polikarpi akapapasa kibao, akaandika kwa herufi kubwa, akakiinua kwa mikono miwili. NDIYO. Kisha akakishusha, akaongeza kitu chini kwa herufi ndogo, akakiinua tena. Mompera alisogeza miwani akasoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa katika kusoma: "Mwambieni asicheke, atanichekesha."

Ilikuwa imechelewa. Onorina alikuwa amekamatwa na kicheko kile cha tumboni, mabega yanaruka, machozi yanachora njia kwenye msandali. Alijibu ndiyo yake kwa vipande vitatu. Ndani, Polikarpi alikuwa amefumba macho na kushika pande mbili za kitanda, akipigana kiume, na mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anamwambia kwa upole awaze mambo ya huzuni, kodi kwa mfano.

Ikabaki pete. Rahamatou aliivua yake ya fedha, ya kuazima mpaka jioni. Lakini pete lazima itoke kwa bwana harusi, na kati yake na bibi harusi kulikuwa na hatua nne zisizovukwa. Wakatazamana. Daktari akaukabidhi mwavuli kwa Masera, akaingia ndani, akatoka na koleo refu la chuma analochukulia sindano za radiamu. Pete ikaingia dirishani kwenye koleo, Polikarpi akaishika, akaibusu kwa kidole maana mdomo haukuwa wake siku hiyo, akairudisha. Daktari akaitoa nje, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Onorina akanyoosha kidole akakiingiza mwenyewe. Hapo vigelegele vilipasuka, kinu kikarudi kazini, na Mompera alitoa baraka ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa Yule aliyeombwa.

Siku zilizobaki Onorina alikaa nyuma ya mstari kutoka asubuhi mpaka Masera alipomfukuza. Alisali kwa sauti kwa ajili ya wawili, na Polikarpi aliandika Amina kila mwisho. Mdomo ulivimba ukawa mweusi, na usiku wa tano homa ilipanda. Onorina alilia siku hiyo, alilia vizuri, na asubuhi akarudi na kahawa yake na kumwambia Mungu yaleyale ya kila siku.

Alhamisi sindano zilitolewa, moja baada ya nyingine, zikahesabiwa na kurudishwa katika sanduku lao la madini ya risasi. Daktari aliutazama mdomo kwa taa, akaugusa, akavua miwani. Alisema uvimbe umepungua. Alisema pia kwamba hilo si neno la mwisho, warudi baada ya miezi mitatu, na kwamba asingependa kuwadanganya watu ambao ndoa yao aliishuhudia.

Masera alikwisha kuufuta mstari wa chaki, na Onorina aliingia ndani kwa mara ya kwanza. Kwa siku saba alikuwa amejiwekea maneno ya kumwambia Polikarpi wakifika hapo. Polikarpi alimtangulia. Alifumba macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, midomo haijajua bado kukutana.

"Mungu," alisema, "ile nadhiri yangu iache. Nilichokuahidi nimeshampa huyu. Ukiniponya nitashukuru. Usiponiponya, mimi ni mume wa mtu."

Masera alikumbuka ghafla bandeji katika chumba cha pili, akaenda kuitafuta. Onorina aliyaacha maneno yake yote ya siku saba. Akakaa kitandani, akamshika mkono, kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa.