Ubavu Mmoja wa Pijo

Miaka yote ya foleni za sukari na unga madukani, gari la marehemu Mzee Kombo lilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba yao, Usagara. Matairi hayakupatikana, na wengi walikuja kutaka kulinunua vipande vipande. Binti yake, Nasima, aliwakatalia wote. Baada ya arobaini ya baba yao, yeye na mdogo wake Maulid walikubaliana kwamba Pijo lile haliuzwi. Siku likirudi barabarani litakuwa teksi, nao watakula pamoja.

Ruksa ya biashara ilipokuja na maduka yakaanza kujaa, Maulid alipata matairi, akaleta fundi, gari likanguruma. Nasima alilia mbele za watu bila kuona haya. Kesho yake Maulid akamletea kopo la nta ya kung'arishia gari kutoka Mombasa, akamwambia aling'arishe yeye, maana mikono yake ina subira. Teksi iliyofubaa, alisema, nani ataipanda?

Nasima hakuwahi kung'arisha kitu kikubwa kuliko sufuria. Aliosha vumbi, akatoa madoa ya lami kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akaipaka nta boneti nzima kwa mara moja, palepale juani. Nta ikakauka ikawa nyeupe kama chokaa. Akasugua mpaka mabega yakawaka moto. Kwenye ukingo alikaza mno, rangi ikabanduka, bati likachungulia. Alikaa kitako akajilaumu.

Baadaye alimwita jirani yake Kazija, wakalisukuma gari hadi kwenye kivuli cha ukuta, akaanza upya, safari hii kidogo kidogo, akizungusha kitambaa taratibu. Mlango wa mbele ulipoanza kumwonyesha uso wake, alicheka peke yake. Buluu ile hakuwa ameiona tangu baba yake alipokuwa akimpeleka Tongoni kwa shangazi.

Alikuwa amemaliza ubavu mmoja alipoingia mwanamume mwenye suti ya Kaunda. Alijitambulisha kuwa ni Eliudi, wa Pongwe. Akapitisha kidole mlangoni, akaridhika.

"Maulid aliniahidi nitalikuta linang'aa," alisema. "Amekuajiri wewe kulisafisha?"

Nasima aliuliza ahadi gani. Yule bwana, bila kushuku lolote, akaeleza kwamba gari alishalinunua tangu mwezi uliopita. Matairi yalikuwa yake, na fundi pia alilipwa naye. Leo amekuja kulichukua.

Maulid alitokea uchochoroni, akawaona pamoja, akasimama.

"Dada, nilitaka nikwambie."

"Ulitaka lini? Kabla sijaanza kuosha, au nikishamaliza?"

Maulid akatazama chini. Alisema fungu lake katika urithi ni kubwa zaidi, ana mipango yake Dar es Salaam, na tena angemwambia, asingekubali. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Nasima. Mdogo wake alijua hatakubali, na bado akampa kopo la nta mkononi.

Eliudi alifadhaika. Hakujua kama kuna mwenye gari mwingine, lakini alishalipa mbele ya mashahidi. Akauliza kwa sauti ya chini kama kazi ingeweza kumalizwa.

"Atamalizia aliyekuuzia," Nasima alisema, akaweka kitambaa juu ya boneti, akaingia ndani.

Kutoka chumbani alimsikia Maulid akisugua harakaharaka, kisha gari likaondoka.

Wiki ile ile Maulid alikwenda Dar. Fungu la dada yake katika bei ya gari alilituma kwa mkono wa Kazija, na Nasima alilipokea kwa kuwa lilikuwa haki yake. Sikukuu ya Idd Maulid alirudi, akampa shikamoo mlangoni. Nasima aliitikia marahaba, akampakulia pilau, akakaa kando akimtazama akila. Alipomaliza, Maulid aliulizia chumba chake.

"Nimempangisha mtu," Nasima alimjibu, akaondoa sahani.