CD Yenye Mate ya Koko

Trei za mayai alizobandika Wahome ukutani mwa chumba chake ili sauti isivume bado zilikuwa na mavi ya kuku, na unyoya mmoja mweupe ulitikisika kila spika ilipopiga besi. Nalotuesha aliketi ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti, asiguse kitu. Kiti kilinata. Meza ilinata. Hata hedifoni alizovishwa zilikuwa na unyevu wa masikio ya watu wengine, lakini alizivumilia kwa sababu ndani yake ndimo ilimokuwa sauti ya nyanya yake.

Sauti hiyo haikuwepo tena mahali pengine. Mwezi wa nne Koko Nailantei, kama walivyomwita nyanya huyo, alipatwa na kiharusi nyumbani kwake, nje kidogo ya Kajiado. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamwisha. Wiki chache kabla ya hapo, wanawake wa kanisa la Kisaju walikuwa wamerekodi nyimbo zao uani kwake kwa simu ya Nalotuesha, na Koko aliwabariki kwanza, kama ilivyo desturi. Anataja neno la baraka, anatema mate kidogo, tuu, nao wanaitikia kwa pamoja, "Naai," yaani Ee Mungu. Neno lingine, tuu, "Naai." Itikio la mwisho ndilo lililogeuka kuwa wimbo wa kwanza, bila mtu kuvuta pumzi.

Jumapili familia yote ingekutana kwa Koko. Nalotuesha, ambaye mbele za watu hakuwa na la kusema, alikuwa ameahidi jambo moja: kuleta baraka ile kwenye CD. Redio ya Koko haikuwa na njia nyingine ya kucheza rekodi.

Wahome alikuwa mpiga kinanda hapa Kitengela, na chumba chake nyuma ya duka la mbao alikiita studio.

"Nimekujaribia programu tatu," alisema, akisukuma kando kikombe chenye ukoko wa chai. "Hii ya kwanza ni ya bure. Sikiza."

Koko alianza kuwaombea wanawake watoto na ng'ombe. Katikati ya ng'ombe, mwanamke mmoja wa kizungu akaingia kwa sauti laini na kutangaza kwamba programu hii ni ya majaribio. Koko akaendelea. Mwanamke akarudi.

"Anaongea juu ya sauti ya Koko," Nalotuesha alisema.

"Ndio ujue haifai. Sasa kuna hii nyingine ya wazee." Alionyesha dirisha la kijivu kwenye kioo, lenye vitufe vichache. "Inachoma CD, inaandika sauti vile imepewa. Haisafishi, haiongezi sauti. Nilichoma nayo moja siku ile ulileta nyimbo, nikaona ni aibu. Lakini hii ya tatu, siz, hii ndiyo mastering, inang'arisha sauti. Funga macho."

Nalotuesha hakufunga macho. Alimsikia Koko akiwa mkubwa ghafla, mwenye sauti ya kung'aa kama mtangazaji wa sabuni. Shanga za wanawake, ambazo zililia siku ile kila walipotikisa mabega, hazikuwepo. Koko alitaja neno la baraka. Kisha kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Na ndani ya kimya hicho, kwa mwangwi, sauti ya Wahome: "Wahome kwa kinanda."

Alivua hedifoni.

"Mate ya Koko yako wapi?"

"Nimetoa yote," Wahome alisema kwa fahari. "Hii programu inajua sauti za mdomo, inazifagia zenyewe. Nani anataka kusikia shosho akitema mate kwa CD?"

"Uwii," alisema Celine, mpenzi wake, aliyekuwa amekaa kitandani akila chipsi. "Ilikuwa inanitoa hamu ya chakula."

Nalotuesha alitazama vidole vya Celine vilivyong'aa mafuta, akatazama unyoya ukutani, akatazama meno ya Wahome. Aliona chumba kizima kimejaa uchafu, na kitu kimoja tu kilichokuwa kisafi ndicho walichokifagia.

"Hayo mate ndiyo baraka," alisema. "Bila mate ni maneno tu."

"Sasa nitajuaje? Kwetu mate ni mate."

"Na 'Naai' umeipeleka wapi?"

"Iko kwa wimbo unaofuata. Programu inakata yenyewe, inaweka nafasi katikati."

Alibonyeza. Koko akamaliza, kimya kikapita, ndipo wanawake wakaitikia, kama watu wanaojibu salamu wakati mgeni ameshaondoka.

"Nipe ile ya kwanza. Ile niliyoleta kwa simu."

Wahome alijikuna shingo. "Hii mpya nili-save juu yake. Kwani kwa simu haiko?"

"Uliniambia nifute, simu imejaa."

Celine aliacha kutafuna. Nalotuesha aliona uso wa Koko na mdomo ule ulioenda upande, unangoja Jumapili. Akajisikia akiuliza, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe:

"Ile CD ulichoma na programu ya wazee. Ile ya aibu. Iko wapi?"

Wahome alitazama juu ya kabati, chini ya meza, nyuma ya kinanda. Kisha polepole akamgeukia Celine. Celine alitazama chini, kwenye kisahani chake cha tomato ya chipsi.

"Si ulisema imeharibika?" alisema.

Kisahani kilikuwa ile CD, imepakwa tomato nyekundu upande unaong'aa, na ukingoni tomato ya juzi ilikuwa imekauka ikawa nyeusi. Nalotuesha aliichukua kwa vidole viwili. Alifuta ile mbichi kwa pindo la leso yake. Ile kavu ilikataa.

"Maji?"

"Bomba ni kavu tangu Jumanne," Wahome alisema.

Basi Nalotuesha akaisogeza CD mdomoni. Tuu. Akafuta kutoka katikati kwenda nje, polepole, asiikwaruze. Tuu. Akafuta tena.

"Aki wewe," Wahome alisema, uso umemkunjamana. "Na unataka niiweke kwa mashine yangu?"

"Nitaiweka mimi."

Mashine ilinguruma, ikakwama, ikanguruma. Shanga ndizo zilizotangulia. Kisha Koko, mdogo na wa mbali, na jogoo wa jirani, na neno la kwanza la baraka. Tuu.

"Choma na hiyo ya wazee," Nalotuesha alisema. "Usisafishe. Na usiweke nafasi katikati."

Wahome alitafuta kwenye dirisha la kijivu mpaka akapata mahali pa kuondoa kimya kati ya nyimbo. "Hata jina langu nisiweke?"

"Liandike juu, kwa kalamu."

Jumapili walimkalisha Koko karibu na redio. Shangazi Soipan, aliyekuja kutoka Ngong, alisimama pembeni na karatasi laini, akimpangusa mate yaliyomtoka upande ulioshuka, huku akitazama kwingine. Nalotuesha aliweka CD na kuchuchumaa mbele ya Koko, akimshika magoti.

Neno la kwanza lilipotoka, macho ya Koko yalihama kwenye redio, yakamjia mjukuu. Midomo ilihangaika. Kwa neno la pili ilijikusanya yenyewe, na pamoja na redio, ikapuliza. Mate yalimwangukia Nalotuesha mkononi na shavuni.

"Naai," wanawake walisema, wa redioni na wa chumbani.

Shangazi Soipan aliinama haraka na karatasi yake ampanguse. Nalotuesha akauondoa mkono wake.

"Acha yakauke," alisema.