Geti la Kutupa

Lori la chama cha akina mama wauza omena, dagaa wa ziwani, lilisimama mbele ya gereji ya Magige pale Uriri, boneti juu, likipoa. Ilikuwa mwaka wa 1996, siku ya soko. Mwenyekiti Ongeri alikaa juu ya tairi kuukuu akila mahindi ya kuchemsha. Bathsheba, mweka hazina, alimshikia fundi kitambaa chake kwa sababu aliona hana mahali safi pa kukiweka. Gordon, dereva, alikuwa chini ya lori akikaza nati.

"Hiki kitu hupumua tukipanda mlima," Ongeri alisema, akionyesha kwa gunzi ubavuni mwa injini. "Kinaitwaje?"

"Westigeti," Magige alisema.

"Kwa Kiswahili."

Magige alikuwa Mkuria, na Kiswahili chake alikiokota barabarani pamoja na spana zake. Alifikiri kidogo. "Geti ya kutupa."

Ongeri aliacha kutafuna. "Inatupa nini?"

"Moshi. Moshi ikitoka kwa injini inazungusha gurudumu ya turbo. Gurudumu inasukuma hewa ndani, lori inapata nguvu. Sasa moshi ikizidi, hii geti inafunguka kidogo, ile imezidi inapita kando, inaenda ekzosi, ile bomba ya moshi."

"Kwa hivyo nguvu ya chama inatupwa."

"Ile imezidi, mwenyekiti."

"Nguvu haizidi. Hiki ni chama cha wajane, Magige. Hatuna kitu cha kutupa. Ichomelee."

Magige alijaribu tena. Alisema geti ni kama kifuniko cha sufuria ya uji, usipokiinua kidogo uji utamwagika.

"Mama yangu alikuwa anaweka jiwe juu," Ongeri alisema.

"Na uji haikumwagika?"

"Hata siku moja."

Magige alivuta pumzi, akavaa miwani ya kuchomelea, akalifunga geti.

Tangu siku hiyo lori lilipanda milima ya kutoka Homa Bay kama linateremka. Injini ilipaswa kupasuka, lakini haikupasuka. Badala yake Gordon alianza kutoa moshi mweusi. Kwenye tambarare alipumua kama watu wengine. Mlimani moshi ulimtoka mdomoni na puani, na alipobadilisha gia ulitoka mkupuo mzito. Jioni aliendelea kutoa kidogo kidogo mpaka injini ipoe.

Watu walimtendea wema. Akina mama waliopanda juu ya magunia walimbebea maziwa ya mgando ya kusafisha koo. Bathsheba alimshonea leso nyeusi ili uchafu usionekane. Kanisani wanakwaya walimpisha dirishani, hata siku za baridi.

Mkewe, Dolphine, alibaki na foronya zenye masizi. Alizifua kwa sabuni ya kipande, kisha kwa jivu, kisha akaacha kuzianika upande wa barabara. Kilichomsumbua hakikuwa foronya. Gordon alikuwa hawezi tena kumaliza ubeti mmoja wa wimbo, na akimbeba mtoto wao mdogo ilibidi aketi kabla ya kufika mlangoni.

Daktari wa zahanati alimwekea Gordon kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Alisikia gurudumu likizunguka. "Hii si kazi yangu," alisema kwa upole. "Ni ya fundi." Akamfunga Gordon vifungo vya shati yeye mwenyewe.

Dolphine alikwenda Uriri. Magige alifungua boneti, akatazama, akapangusa mikono.

"Injini iko sawa, shemeji. Imepata geti ingine."

"Basi fungua ile ya kwanza."

"Lori ni ya kamati."

"Na kifua ni ya nani?"

Magige aliingia ndani ya gereji. Alimletea Dolphine maji ya kunywa katika kikombe chake mwenyewe, kile kisichonuka mafuta.

Kamati ilikutana Migori, nyuma ya stoo ya samaki. Walimpa Dolphine kiti chenye mgongo na chai yenye sukari nyingi. Mvua ilikuwa imeanza.

"Nimechoka kuongea," Dolphine alisema. "Mume wangu si ekzosi. Fungueni lile geti."

"Hakuna aliyemwita ekzosi, mama," Ongeri alisema. "Gordon ni dereva wetu. Tunampenda."

"Basi mpendeni na geti likiwa wazi."

"Likiwa wazi lori halipandi na mzigo huu. Omena itanyeshewa njiani. Wajane watakula nini?"

"Kwani mnataka kuniongeza mimi kwa hao wajane?"

Mjumbe mmoja alifuta machozi. Mwingine alisema swali hilo ni zito. Walijadiliana kwa heshima, wakakubaliana kwamba Gordon atapewa maziwa kila safari, na kioo cha upande wake kitarekebishwa kiteremke chote. Bathsheba alimsindikiza Dolphine hadi barabarani akimshikia mwavuli. Dolphine alitamani kumchapa nao, ila ulikuwa unamkinga mvua.

Safari iliyofuata alipanda mbele, karibu na mumewe.

"Unaenda wapi?" Gordon aliuliza.

"Endesha."

Mlima ulipoanza Dolphine aliweka mkono wake juu ya mkono wa Gordon, pale kwenye gia. Joto liliingia kiganjani, likapanda begani, likafika kooni, na moshi ukamtoka mdomoni, mwembamba. Aligeukia dirisha ili usimwingie mumewe machoni. Moshi wa Gordon ulipungua. Walipofika juu, aliimba ubeti mmoja, akaumaliza.

"Unajisikiaje?" Dolphine aliuliza.

"Nafuu. Na wewe?"

"Huu moshi una ladha ya misumari," Dolphine alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Migori, Ongeri aliliona lori likija na moshi katika madirisha yote mawili. Alivua kofia. Alimshukuru Dolphine kwa moyo wake wote, akasema mke kama huyo ni baraka kwa chama kizima, na kwamba kiti kile cha mbele ni chake siku zote, hakuna atakayemwondoa. Kisha akalitazama lori kuanzia mbele hadi nyuma.

"Wakiwa wawili," alimwambia Bathsheba, "linaweza kubeba zaidi."

Kule Homa Bay wapakiaji waliongeza magunia. Waliyapanga taratibu, wakayafunga kamba mara ya pili, yasije yakamgonga Dolphine mgongoni.